Piza ya wapi ni kiboko? Maswali tunayoulizwa uani kwetu Mtwara

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, uani kwetu Shangani huwaka mioto mitatu. Wa kwanza ni wangu, wa tanuri la udongo, nami napika piza ya Napoli. Wa pili ni wa mpwa wangu, ambaye kwa piza ya Chicago hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wa tatu ni wa shemeji, mzaliwa wa Unguja, anayekuja na chuma chake bapa na beseni la madonge yaliyolala kwenye mafuta. Majirani wanakula, wanabisha, wanauliza. Maswali yamekuwa yale yale, ndiyo maana nimeyaandika. Mpwa wangu ameyasoma kwanza akanitaka niongeze maneno ya kumtetea. Nimeongeza pale aliposema kweli.

Kwa nini mnagombania chakula cha watu?

Kwa sababu tunakipenda. Na huko kilikotoka nako hawajaacha kugombana. Watu wa New York na wa Chicago wanataniana kwa piza kama sisi tunavyotaniana kwa Simba na Yanga: maneno makali, halafu mnakaa meza moja.

Halafu ni nani alisema ngano ni ya watu? Chapati, sambusa na maandazi vyote vina historia ya majahazi na ya wageni, na leo hakuna anayemuuliza mama lishe wa stendi chapati zake ni za taifa gani. Ukikipika chakula miaka, ukakila na wanao, kimekuwa chako.

Piza ilianzia wapi hasa?

Vyakula vya mkate bapa wenye kitu juu yake ni vya kale sana, na vilikuwepo nchi nyingi za Mediterania. Lakini piza tunayoijua, yenye nyanya, ni mtoto wa Napoli, mji wa bandari kusini mwa Italia. Kilikuwa chakula cha watu wa kipato kidogo, kinauzwa barabarani, mtu anakunja kipande na kwenda nacho kazini.

Kuna hadithi kwamba mwaka 1889 mpishi Raffaele Esposito alimpikia Malkia Margherita piza yenye nyanya nyekundu, jibini nyeupe ya mozzarella na majani mabichi ya rihani, rangi za bendera ya Italia, na piza ikapewa jina la malkia. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Mimi naipenda kama hadithi, ila anayetaka kumjua Mnapoli kwa undani namwambia aanze na marinara: nyanya, kitunguu saumu, majani ya kiungo yaitwayo oregano, mafuta ya zeituni. Haina jibini kabisa. Ikikosewa haina pa kujificha.

Mbona wewe ni wa Napoli tu?

Kwa sababu ya ule ukingo. Ukitoka tanurini unakuwa umevimba, una madoadoa meusi kama chui, na ukiung'ata nje unavunjika kidogo, ndani ni laini kama mofa ya asubuhi. Sijapata kuuona kwenye piza ya mji mwingine.

Wanapoli wenyewe wanaulinda. Mwaka 1984 waliunda chama cha kuitetea piza yao halisi. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukaiandika kanuni: donge liwe na uzito wa gramu 180 hadi 250, piza isizidi sentimita 35 kwa upana, ukingo uinuke sentimita 1 hadi 2, na iive kwa sekunde 60 hadi 90 katika tanuri la kuni lenye nyuzijoto 485. Mwaka 2017 UNESCO ikaiingiza sanaa ya wapishi hao katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Shemeji huniuliza, chakula gani hicho kinachohitaji kanuni na UNESCO? Namjibu: kile ambacho watu wake wanakionea wivu.

Tanuri lako linafika nyuzi 485?

Halifiki. Piza yangu inachukua dakika mbili na ushee, na sitamdanganya mtu.

Tanuri tulijenga kwa udongo wa kichuguu, mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, kwenye kitako cha mawe, na sakafu ya matofali ya kuchoma. La kwanza lilipasuka. Nililiwashia moto mkubwa kabla halijakauka, kwa haraka ya kuwaonyesha watu, na ufa ukatoka mlangoni hadi kichwani. La pili tuliliacha kivulini wiki nne, tukaanza na moto wa vijiti, kidogo kidogo, siku tano. Hilo lipo mpaka leo.

Kuni ni matawi ya mkorosho, yale yanayotoka watu wanapopogolea mashamba. Yakiwa makavu yanawaka vizuri na hayana moshi mwingi. Namna ya kujua joto: rusha unga kiasi cha kidole na gumba kwenye sakafu ya tanuri. Ukiwa mweusi papo hapo, subiri, kitako cha piza kitaungua. Ukigeuka rangi ya kahawia taratibu, ingiza. Ukibaki mweupe, ongeza kuni na uendelee na hadithi.

Na hapa ndipo ninaposimama katika ubishi wote huu: kila mji umepika piza kwa moto uliokuwa nao. Napoli walikuwa na tanuri la kuni lenye kichwa cha mviringo, ndiyo maana piza yao ni ndogo, nyembamba na ya haraka. Wahamiaji wa Kiitalia walipofika New York walikuta matanuri ya makaa ya mawe, piza ikawa kubwa zaidi na kavu zaidi. Chicago wao waliipika kwenye sufuria ndani ya oveni, ikakaa kama keki. Ukitaka kujua kwa nini piza iko hivyo ilivyo, tazama jiko kabla hujatazama sahani.

New York na Chicago wanagombea nini?

New York wana historia ndefu. Duka la Gennaro Lombardi linatajwa kuwa la kwanza la piza Marekani, mwaka 1905. Piza yao ni pana, kipande kimoja kinafunika sahani, na unakikunja katikati ili ncha isining'inie. Unakula ukitembea.

Chicago ni habari nyingine. Mwaka 1943 Ike Sewell na Ric Riccardo walifungua Pizzeria Uno, na hapo ndipo piza ya sufuria inapohesabiwa kuanza. Unga unapanda kuta za sufuria iliyopakwa mafuta. Chini kabisa inatandazwa jibini, inafuata nyama, na rojo la nyanya linamiminwa juu. Wengi hudhani mpishi amekosea mpangilio. Hakukosea. Piza hiyo inakaa ovenini nusu saa na zaidi, na jibini ingekuwa juu ingekuwa mkaa.

Hapa mpwa wangu aliniomba niandike kwamba piza yake inashibisha. Ni kweli. Kipande kimoja kinatosha mtu mzima aliyeshinda bandarini akipakua. Lakini nami niseme jambo ambalo hulipitia haraka: watu wengi wa Chicago wenyewe, siku za kawaida, hula piza nyingine ya mji huo, nyembamba na kavu, iliyokatwa vipande vya mraba. Ile ya sufuria ni ya wageni na sherehe.

Na Detroit?

Piza ya Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani, ni ya ndugu zetu wa Lindi. Binamu yangu husafiri kama kilomita 100 kuja kwetu na trei zake mbili zimefungwa kwenye kanga, na anaitetea Detroit kama aliyezaliwa huko.

Inaelezwa kwamba mwaka 1946, katika baa iliyokuwa inaitwa Buddy's, Gus Guerra alianza kuoka piza kwenye trei nzito za chuma za mstatili, za aina iliyotumika katika viwanda vya magari kuwekea vipuri. Jibini inasambazwa mpaka ukutani mwa trei. Ikiiva inayeyuka, inashuka pembeni na kuungua kidogo, na ukingo unakuwa mgumu, mtamu, wa rangi ya kahawia. Rojo la nyanya hupakwa juu kwa mistari. Watoto hugombania pembe nne.

Kwa mwenye oveni ya kawaida ya gesi, inayoishia kwenye nyuzi 250 hivi, hii ndiyo piza ninayomshauri. Napoli ni yangu moyoni, lakini Napoli kwenye oveni ya nyuzi 250 inakauka kama biskuti kabla haijapata rangi. Trei inalinda unga kwa mafuta na chuma cha moto. Binamu amenishinda hapo, na nimemwambia mbele za watu.

Piza ya Unguja ni piza kweli?

Hili ndilo swali linaloamsha uwanja mzima.

Aliyefika Forodhani jioni anaijua. Mpishi anachukua donge dogo lililolala kwenye mafuta, analipigapiga na kulivuta kwa vidole hadi linakuwa jembamba kama karatasi, unaona meza kupitia unga. Katikati anaweka kiraka cha unga ili pasichanike, kisha nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, jibini ya vipembetatu, mayonezi, anapasulia yai, anachanganya hapo hapo, anakunja pande nne kama bahasha na kuikaanga kwenye chuma bapa. Hakuna tanuri na hakuna hamira. Nyanya, kama ipo, ni ya kukatwakatwa tu.

Miaka miwili ya mwanzo nilisema si piza. Nilisema ni mantabali, ile chapati ya kukunjwa yenye nyama na yai, iliyopewa jina la mjini, na kwamba ndugu zake wako Uarabuni na Asia, wanaitwa mutabbaq na murtabak. Kwa nasaba, bado nasema hivyo. Mikono ile inavyovuta unga haikujifunza Napoli.

Lakini jioni moja shemeji alinirudishia maneno yangu mwenyewe. "Dada, si wewe usemaye kila mji unapika kwa moto ulionao? Sisi moto wetu ni chuma na mkaa, na wateja wamesimama. Sasa ulitaka tujenge tanuri baharini?" Nilinyamaza. Nilitafuta jibu usiku ule na kesho yake sikulipata. Kama kipimo changu ni moto, basi Unguja wamejibu kwa moto wao kama Chicago walivyojibu kwa sufuria yao. Tangu hapo naiita piza, na nimeacha kumkatiza anapowaeleza wageni.

Ninachoshikilia ni kimoja: iliwe papo hapo. Ikipoa mafuta yanaganda na yai linanuka. Hapo hata shemeji hana utetezi.

Samaki juu ya piza si uharibifu?

Kwenye nyanya na jibini nyingi, ndiyo, ladha zinagombana. Ila kuna mji mmoja Marekani ambao kila mtu wa pwani angeuelewa: New Haven. Frank Pepe alifungua duka lake huko mwaka 1925, na piza iliyolipa sifa ni nyeupe, haina nyanya: chaza, kitunguu saumu, oregano, mafuta ya zeituni na jibini ngumu kidogo ya kukwaruza. Mwaka 1938 mpwa wake naye akafungua lake, mtaa huo huo. Hadi leo watu wa mji ule wamegawanyika, wa mjomba na wa mpwa. Mpwa wangu alipousikia mkasa huo alicheka hadi akakaa chini.

Sisi tulijaribu siku ya bamvua, maji yalipotoka mbali na kina mama wakarudi na ndoo zimejaa. Chaza tuliwaacha kwenye maji ya chumvi wateme mchanga, tukawafungua kwa mvuke, tukawakausha kwa kitambaa kisafi. Hilo la kukausha usilipuuze: chaza wakibaki na maji kitako cha piza kinalowa. Tukapaka mafuta na kitunguu saumu kilichopondwa, chaza juu, tukaingiza tanurini. Ilipotoka tukakamulia ndimu.

Sijawahi kupika piza iliyonyamazisha ua wetu kiasi kile. Mzee mmoja jirani, mvuvi wa zamani, alikula vipande vitatu, akauliza kama ningepika tena kesho yake.

Pweza naye anafaa. Mchemshe kwanza hadi alainike, mkate vipande vidogo, umchanganye na mafuta, pilipili na kitunguu saumu ndipo umweke juu. Akienda mbichi tanurini atakuwa raba. Kama utaniuliza piza ya Mtwara itakuwa ipi siku ikipatikana, nitakuonyesha hii nyeupe, ya chaza au pweza na ndimu. Bahari ipo na kuni za mkorosho zipo. Kimebaki mikono.

Nanasi je?

Piza ya nanasi ni ya Kanada. Sam Panopoulos, mhamiaji kutoka Ugiriki, aliianzisha mwaka 1962 katika mgahawa wake huko Ontario. Mwaka 2017 rais wa Iceland aliwaambia wanafunzi kwamba angeweza angepiga marufuku nanasi kwenye piza, kisha ikabidi aeleze kwamba hana mamlaka hayo. Uani kwetu halijakatazwa. Lazima likaushwe juu ya makaa kwanza.

Na korosho?

Watu wa Mtwara tusiweke korosho? Zikaange, uzipondeponde, uzinyunyize piza ikishatoka motoni, maana tanurini zinaungua kwa sekunde. Kwa asiyekunywa maziwa, loweka korosho zilizobanguliwa saa 4, uzisage na maji kidogo, ndimu, chumvi na kitunguu saumu mpaka ziwe uji mzito. Zinakaa vizuri mahali pa jibini. Uliza wageni kwanza, kuna ambao korosho zinawadhuru.

Unga wangu unaumuka upesi kisha unachacha. Nafanyaje?

Hali yetu ya hewa ndiyo hiyo. Mapishi mengi unayoyaona yameandikwa na watu wa baridi. Wao wakisema kijiko kizima cha hamira, wewe ukikifuata kiangazi cha Mtwara, saa mbili baadaye donge limetoka beseni na lina harufu ya uraka.

Vipimo vyangu kwa kilo 1 ya unga mweupe wa ngano: maji mililita 600, chumvi gramu 25, hamira ya chenga nusu kijiko cha chai. Maji yawe ya baridi. Kanda dakika 10, funika kwa kitambaa chenye unyevu, acha saa 2, gawa madonge, acha tena saa 3 hadi 4 mahali penye kivuli. Ukiwa na friji, punguza hamira iwe robo kijiko, kanda jioni, weka ndani, utoe kesho saa 2 kabla ya kupika. Ladha ya unga uliolala ni nyingine kabisa.

Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa nzito ya unyevu, punguza maji kidogo. Mkono wako utakuambia.

Sina oveni wala tanuri. Nimekosa?

Hujakosa. Nani alikuwa na oveni bibi zetu walipooka mkate wa kumimina? Walipalia makaa, moto chini na moto juu.

Tandaza donge jembamba. Weka kikaango kizito kwenye mkaa, kitako kiive upande mmoja, kavu bila mafuta, dakika mbili hivi. Geuza. Upande ulioiva sasa uko juu: paka rojo kidogo, jibini kidogo. Funika kwa mfuniko wa bati, pakia makaa yanayowaka juu yake, na chini upunguze yabaki machache. Dakika 5 au 6. Kosa la wengi ni kuacha moto mkali chini, kitako kinaungua na jibini haijayeyuka. Moto mwingi uwe juu.

Jibini mnapata wapi?

Mozzarella tunaagiza Dar es Salaam, inafika imeganda. Iyeyushwe ndani ya friji usiku kucha, kisha ikaushwe kwa kitambaa. Ni ghali, kwa hiyo weka kidogo. Wanapoli wenyewe hawajazi.

Mshindi anapatikanaje?

Kila mlaji anapewa korosho moja isiyobanguliwa, anaidondosha kwenye bakuli la mpishi aliyempendeza. Wapishi hatupigi kura, wala mama wa mpishi. Mwezi uliopita shemeji alipata 14, mimi 11, binamu wa Lindi 9, mpwa wangu 6. Mpwa alidai sufuria yake ilichelewa na watu walikuwa wameshashiba. Nimemkubalia: mwezi huu yeye ndiye wa kwanza kutoa.

Naweza kuja na piza yangu?

Njoo. Tanuri linaanza kuwashwa saa 9 alasiri na linakuwa tayari kama saa 11. Lete madonge yako yameshaumuka, na kiti, maana vyetu havitoshi. Kama siku hiyo ni ya bamvua na umepitia ufukweni, lete na chaza.